Ukienda Kutazama Loki za Mississippi, Fuata Msafara wa Matishari

Wageni wengi hufika kwenye kituo cha loki (ngazi ya maji ya kupandisha na kushusha vyombo) na bwawa kwenye mto Mississippi, Marekani, husoma mabango, hupiga picha ya ukuta wa zege, kisha huondoka. Loki ilikuwa tupu, na hawakuona chochote. Inasikitisha, maana pengine msafara wa matishari, yaani mashua bapa za mizigo, ulikuwa umebakiza nusu saa kufika.

Kwa hiyo usipange safari kwa kufuata saa za kituo peke yake. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, ambacho ndicho mwenye loki hizi, huonyesha mtandaoni foleni ya vyombo katika kila loki. Iangalie asubuhi kabla ya kutoka. Ukiona msafara uko kwenye loki ya jirani, kadiria saa kadhaa hadi ufike kwako. Ukishafika kituoni, muulize mhudumu ni chombo kipi kinachofuata na kinatoka upande gani.

Loki ni chumba cha zege chenye milango ya chuma kila mwisho, ngazi ya maji kwa vyombo. Kati ya Minneapolis na St. Louis mto hushuka karibu futi 400, na ngazi hizo ndizo zinazowezesha safari. Nyingi zina urefu wa futi 600 na upana wa 110. Msafara wa kawaida una matishari 15, matatu kwa upana na matano kwa urefu, yaliyofungwa pamoja kwa nyaya za chuma, na boti moja inayoyasukuma kutoka nyuma. Kila tishari lina urefu wa futi 195, upana wa 35, na hubeba kama tani 1,500. Ukijumlisha na boti, urefu wote unakaribia futi 1,200. Msafara hauenei chumbani.

Hapo ndipo penye utamu. Msafara hukatwa vipande viwili. Matishari tisa ya mbele huingizwa, nyaya hufunguliwa, na boti hurudi nyuma na sita yaliyobaki. Tisa yale hushushwa au kupandishwa, huvutwa nje kwa waya wa winchi (mashine ya kukunja waya), na kufungwa kando ya ukuta. Chumba hurudishwa kwenye kina cha mwanzo, boti huja na sita yake, kisha vipande vyote huunganishwa upya. Kazi yote huchukua saa moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo usiegeshe gari mahali pa nusu saa.

Simama karibu na ukuta msafara unapoingia. Matishari matatu yana upana wa futi 105. Zinabaki futi mbili na nusu tu kila upande. Baharia husimama kwenye kona ya mbele na redio mkononi, akimtajia nahodha umbali uliobaki, kwa sababu nahodha yuko mamia ya futi nyuma na kona ile haioni.

Kisha tazama ukuta. Maji yakishuka huacha ukanda mweusi wenye unyevu, unaorefuka kwa dakika kama kumi. Hakuna pampu: vali hufunguliwa kwenye mifereji iliyo ndani ya kuta, na maji hutiririka yenyewe. Milango nayo hukutana kwa umbo la V linaloelekea juu ya mto, hivyo msukumo wa maji ndio unaoibana. Haifunguki mpaka maji yalingane pande zote mbili.

Bwawa lenyewe wengi hulielewa vibaya. Halikujengwa kuzuia mafuriko, bali kutunza kina cha angalau futi tisa kwa ajili ya vyombo. Mafuriko yakija, mageti huinuliwa kabisa juu ya maji na mto huachwa upite. Mafuriko makubwa hufunga hata loki, basi piga simu kwanza.

Ukiwa na siku moja tu, chagua Loki na Bwawa namba 15, Rock Island, Illinois. Ina chumba cha futi 600, kwa hiyo utaona ukataji wenyewe, na pembeni kuna daraja la mwaka 1896 ambalo sehemu yake huzunguka kupisha vyombo. Loki iko kwenye kisiwa ambacho ni kambi ya jeshi: beba kitambulisho, na kama si raia wa Marekani uliza masharti mapema. Ukiwa na watoto, loki ya Melvin Price karibu na Alton, Illinois, ni bora zaidi, kwa sababu ya makumbusho yake na ziara za kuongozwa. Ila chumba chake kikuu kina futi 1,200, msafara hupita mzima.

Majira ya baridi kali sehemu ya juu ya mto hufungwa kwa barafu, matishari hayapiti. Usikate tamaa. Maji yanayochafuka chini ya bwawa hayagandi, na tai wenye vichwa vyeupe hukusanyika hapo kuvua samaki, hasa Januari na Februari. Beba darubini, na fika asubuhi mapema.