Ukitaka kufichua wizi wa mali ya umma, anzia komini yako

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya redio hapa Lubumbashi huniuliza nani atawapa siri kubwa ya migodi au ya ministre fulani. Acheni kusubiri siri. Anzeni na pesa ambayo sheria imeshaitaja.

Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha, redevansi ya madini ambayo kampuni zinalipa, hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 10% mfuko wa vizazi vijavyo, na 15% komini, sekta au sheferi (eneo la chifu) ambako madini yanachimbwa. Hiyo 15% ndiyo mkono wenu unaifikia. Inalipwa moja kwa moja kule chini, kwa hiyo lazima kuwe na bodero ya benki, yaani karatasi inayoonyesha malipo, na mstari kwenye bajeti. Ripoti za ITIE, mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini na mafuta, zinasema kampuni zimelipa nini. Wekeni karatasi hizo kando kwa kando, kisha mtoke mkatazame.

Nilifanya hivyo kwa shule moja. Kwenye karatasi ilikuwa imekwisha kujengwa. Nilipofika nilikuta kuta za matofali bila mabati, nyasi zimefika madirishani, watoto wanasomea kanisani. Niliandika barua yenye maswali matano kwa mkubwa aliyehusika, na katibu wake akagonga muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Msitangaze chochote bila muhuri huo. Kwetu kumharibia mtu jina ni kosa la jinai, na watu wenye pesa wanaijua njia ya parke, ofisi ya waendesha mashtaka, kuliko ninyi. Barua inaonyesha mlimpa nafasi ya kujibu.

Na kupaje, ile pesa ya bahasha wanayopewa waandishi wa habari, je? Najua redio nyingi hazilipi mshahara, na baada ya mkutano katibu anapita na bahasha na orodha ya kusaini. Kataeni. Saini yenu kwenye orodha ile itatolewa siku mtakapouliza kuhusu mabati.

Na msifanye kazi hii peke yenu. Serge Maheshe na Didace Namujimbo, waandishi wa Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa hapa Kongo, waliuawa kwa risasi Bukavu, mwaka 2007 na 2008, bado inaniuma. Mhariri ajue mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Nakala za karatasi zilale nyumba nyingine. Jina la aliyewapa bodero lisiandikwe popote, hata kwenye simu.