Usinunue hizo kilo 3 za kuku wa kusaga kabla hujauliza ngozi imekwenda wapi

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba nyumbani mmeamua kupunguza mafuta, mnaachana na ng'ombe wa kusaga, na kesho unabeba kilo 3 za kuku wa kusaga uzijaze friza. Unauliza kati ya ng'ombe, kuku, bata mzinga na nguruwe ipi ni bora, inakaa friza muda gani, na viungo gani vinaifaa. Hayo mengine yatangoja. Hizo kilo 3 ndizo zinazoniuma, maana ni kosa lile lile nililolirudia miezi mingi nikiamini nakula vizuri.

Kosa lenyewe ni kuchagua nyama ya kusaga kwa jina la mnyama. Jina la mnyama halikwambii mafuta ni kiasi gani.

Tazama kuku mmoja tu. Kidari kibichi kilichochunwa ngozi kina gramu 2 hadi 3 za mafuta katika kila gramu 100. Paja lililochunwa lina gramu 4 hivi. Paja hilo hilo likibaki na ngozi yake linapanda hadi gramu 16 na zaidi, na ngozi yenyewe peke yake ina gramu 32 hivi. Vyote hivyo ni kuku, na vyote vikishapita kwenye mashine vinatoka na sura moja, rojo la waridi ambalo huwezi kulisoma. Ng'ombe mwenye mafuta mengi hujianika mwenyewe: unaona punje nyeupe zimetapakaa ndani ya wekundu, na zikizidi nyama nzima inapauka. Mafuta ya kuku na ya bata mzinga ni laini na rangi yake inakaribiana na ya nyama, kwa hiyo yakisagwa yanazama humo humo. Macho hayakusaidii. Na ngozi haigeuki kidari kwa sababu imepita kwenye mashine.

Sasa linganisha zikiwa mbichi, gramu 100 kwa gramu 100. Kuku wa kusaga wa kawaida ana gramu 8 hivi za mafuta na kilokalori 143. Ng'ombe wa kusaga wa asilimia 5 ana gramu 5 za mafuta na kilokalori 137, na protini yake ni gramu 21 dhidi ya 17 za kuku huyo. Bata mzinga wa kusaga anayeandikwa asilimia 15 ana kilokalori 180, wakati ng'ombe wa asilimia 10 ana 176. Yaani unaweza kumwacha ng'ombe, ukala nyama usiyoipenda mwezi mzima, na mafuta kwenye sahani yakawa yameongezeka.

Na usijifariji kwa kolesteroli. Watu wengi hudhani nyama nyeupe haina. Kuku wa kusaga ana miligramu 86 hivi kwa gramu 100, ng'ombe wa asilimia 5 ana 62. Mafuta yale mazito yanayoganda, ambayo ndiyo hasa yanayopandisha kolesteroli ya damu, ni gramu 2 na kidogo kwa wote wawili. Anayestahili kuogopwa ni ng'ombe wa asilimia 20, mwenye gramu 7 na nusu za mafuta hayo. Kwa hiyo ukitoka kwa huyo kwenda kwa kuku, kweli umepata nafuu. Lakini nafuu hiyo hiyo ungeipata kwa kubaki na ng'ombe na kubadili kipande, tena ukabaki na madini ya chuma zaidi ya maradufu ya yale ya kuku.

Hapa ndipo nakasirika. Kuna watu wanaolipwa kushauri wengine kuhusu chakula, na sentensi yao ni moja: "Acha nyama nyekundu, kula nyeupe." Wanaishia hapo. Hawasemi kipande gani, hawasemi ngozi, hawaulizi inasagwa na nani. Mgonjwa anarudi nyumbani akitii, anapika kwa uaminifu, vipimo havisogei, halafu anaulizwa kama anakula kwa siri! Aliyetoa ushauri wa nusu ndiye wa kuulizwa. Na waandika lebo nao wamo. Neno "laini" au "nyepesi" kwenye pakiti halina uzito mmoja kila mahali. Marekani, nyama ikitaka kuitwa ya mafuta kidogo lazima iwe na mafuta chini ya gramu 10 kwa gramu 100. Katika Umoja wa Ulaya, nyama ya kusaga ya mafuta kidogo haitakiwi kuvuka asilimia 7. Neno moja, mipaka miwili. Kwingine ni pambo tu la pakiti. Soma namba, neno liache.

Hata namba yenyewe ina ujanja. Asilimia ile ni ya uzito, na ndani ya uzito huo kuna maji mengi yasiyo na kalori. Ng'ombe wa asilimia 20 anasikika kama mafuta ni sehemu moja katika tano. Lakini gramu 20 za mafuta ni kilokalori 180, na nyama hiyo ina kilokalori 254 kwa jumla. Asilimia 70 ya nguvu unayokula inatoka kwenye mafuta. Hata wa asilimia 7 bado anatoa kilokalori kama 4 katika 10 kutoka kwenye mafuta.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na ninaishikilia: chagua kipande, chuna, punguza mafuta, ndipo kisagwe ukiwa unaona au ukisage mwenyewe. Nyama iliyokwisha kusagwa bila namba ya mafuta usiinunue, hata ingekuwa ya mnyama gani.

Kwa ng'ombe chukua mnofu wa paja la nyuma. Kwa kuku na bata mzinga, kidari kilichochunwa, au kidari nusu na paja lililochunwa nusu ukitaka isikauke. Nguruwe wa kusaga wa kawaida ana gramu 21 za mafuta, muache. Ukimtaka, saga sarara yake, ambayo haifiki gramu 4.

Kusaga si kazi kubwa ila kuna mahali watu wanaharibu. Ondoa mafuta ya nje na ule utando mweupe wa ng'aring'ari, kwa sababu haukatiki, unajizungusha kwenye kisu cha mashine na baada ya hapo nyama inapondwa badala ya kukatwa. Kata vipande vya sentimita 2 hadi 3, vipange kwenye sinia bila kurundikana, weka friza dakika 20 hadi 30 mpaka kingo zikaze lakini katikati pasiwe barafu. Kisu na sahani ya matundu navyo viingie friza. Nyama ya uvuguvugu hutoa mafuta yanayojipaka kila mahali, ukipika yanatoka yote mara moja na unabaki na chengachenga kavu. Sahani ya matundu ya milimita 4 au 5 inatosha, pitisha mara moja. Kama huna mashine ya kusagia, tumia ile ya kukatia vyakula yenye visu, gramu 200 kwa mara, ukibonyeza na kuachia kama mara 10. Ukiiacha izunguke mfululizo utapata ubandiko.

Na kama umeshanunua na unataka kujua ulichouziwa, pima. Chukua gramu 200, chemsha kwenye maji kidogo dakika 15 ukiivunjavunja, chuja, mchuzi uweke friji usiku kucha. Asubuhi kusanya tabaka la juu ulipime. Mafuta ya ng'ombe utayainua kama sahani. Ya kuku yanabaki laini, yakwangue kwa kijiko. Ukipata gramu 30, nyama yako ilikuwa na asilimia 15 au zaidi, kwa sababu mengine bado yamo ndani ya nyama. Hakuna lebo itakayobishana na bakuli hilo.

Kosa la pili ni la jikoni, nalo linafuta kazi yote uliyofanya buchani. Nyama ya mafuta kidogo inashika kikaango, mtu anaona inakauka, anamimina mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni gramu 14 hivi. Piga hesabu: gramu 500 za ng'ombe wa asilimia 5 zina gramu 25 za mafuta. Weka vijiko viwili vikubwa, umeongeza gramu 27 au 28. Umelipia asilimia 5 na unakula zaidi ya asilimia 10. Ni kweli mafuta mengi ya mimea hayana uzito ule wa kuganda, lakini kama lengo ni kalori, umerudi ulikotoka.

Kijiko kimoja cha chai kinatosha kwa gramu 500, ukifuata joto. Kikaango kipana, kipate moto kwanza, nyama itandazwe na isiguswe dakika 3 au 4 mpaka chini iwe kahawia ndipo uivunje. Ukirundika yote kwenye kikaango kidogo inatoa maji, inachemka ndani ya maji yake, inakuwa ya kijivu na ngumu, halafu unasema nyama isiyo na mafuta haina ladha. Ladha uliizamisha. Pika kwa mafungu mawili.

Ukavu una dawa. Protini ikipata joto hukaza na kukamua maji yake, na kwenye nyama hii hakuna mafuta ya kulainisha mdomo. Changanya robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea (baikaboneti) na vijiko viwili vikubwa vya maji, nyunyizia gramu 500, changanya, iache dakika 15. Inashika maji vizuri zaidi na inapata rangi haraka. Usizidishe, italeta ladha ya sabuni. Kwa nyama ya kufinyanga, iwe duara au bapa, loweka kipande cha mkate kwenye maziwa, uponde uji, uchanganye. Au kwaruza kitunguu uingize na maji yake. Uyoga uliokatwa mdogo mdogo, gramu 150 hadi 200, unafanya kazi nzuri ajabu kwenye ng'ombe, ila ukaushe kwanza kikaangoni peke yake mpaka maji yaishe. Chumvi kwenye nyama bapa iweke dakika ya mwisho, juu tu. Ukiikanda ndani mapema inayeyusha protini na nyama inashikamana ikawa na mnato wa soseji.

Ukilazimika kupika yenye mafuta mengi, kaanga bila kuongeza kitu, mimina kwenye chujio, iache ichuruzike. Inasaidia kweli. Lakini ya asilimia 20 hata ikishakaangwa na kuchujwa bado ina gramu 17 hivi kwa gramu 100 zilizoiva, na ya asilimia 5 ina 7 au 8. Kuchuja hakulingani na kuchagua.

Joto usilikadirie kwa rangi. Vijidudu vya juu ya nyama vikisagwa vinaingia katikati, ndiyo maana kipande kizima kinaweza kuachwa chekundu ndani na ya kusaga haiwezi. Kipimajoto kisome nyuzi 71 kwa ng'ombe na nguruwe, 74 kwa kuku na bata mzinga.

Friza: kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, miezi 3 au 4 kwa ubora mzuri. Gawanya gramu 500 kila mfuko, ubapaze uwe mwembamba ili igande haraka na iyeyuke haraka, uyeyushie ndani ya friji. Mbichi kwenye friji siku 1 hadi 2, isizidi.

Sasa rudi kwenye hizo kilo 3. Kama oda haijatoka, mpigie muuzaji usiku huu, umuulize mawili tu: ni kidari au ni kuku mzima, na ngozi imo au haimo? Akijibu kwa namba au akikubali kusaga kidari ulichokichagua mbele yako, nunua. Akisema "ni kuku, haina mafuta", mwambie akupe vidari vizima, uje navyo nyumbani.