Maswali ya Muziki: Wimbo wa Memphis, Sifa za Nashville

Nimemsikia Barbara Mandrell redioni akiimba "(If Loving You Is Wrong) I Don't Want to Be Right", yaani kama kukupenda ni kosa, sitaki kuwa sahihi. Rafiki yangu anabisha kwamba huo ni wimbo wa soul, muziki wa Weusi wa Marekani, si kantri ya Nashville. Nani mkweli? (Msomaji, Nakuru)

Nyote wawili, ila rafiki yako kakuzidi umri wa masikio. Ni wimbo wa mapenzi ya nje ya ndoa. Luther Ingram, mwimbaji wa soul, aliutoa mwaka 1972 kwa lebo (kampuni ya rekodi) ya Koko, iliyosambazwa na kampuni ya Stax ya Memphis. Ulishika namba 1 kwenye chati ya R&B (nyimbo za Weusi) na namba 3 kwenye chati kuu ya Marekani. Mandrell akaupeleka namba 1 ya kantri mwaka 1979. Anauimba vizuri mno, na hapo ndipo tunapogombana: humsikii akiogopa kitu. Ingram anaimba kama mtu anayejua nyumba itavunjika na bado hataki kuondoka.

Kwa hiyo Ingram ndiye mtunzi? (Morogoro)

Hapana. Ni Homer Banks, Carl Hampton na Raymond Jackson, watunzi wa Stax. Majina ya watunzi huchapwa kwenye lebo ya santuri, chini ya jina la wimbo. Someni kabla ya kuniandikia.

Basi Ingram alipata chochote Mandrell alipovuma? (Mombasa)

Mrabaha wa utunzi huenda kwa mtunzi na kwa kampuni inayomiliki haki za utunzi. Mwimbaji wa kwanza asiyetunga hana fungu kwenye rekodi ya mwenzake. Tena redio za Marekani za masafa ya kawaida (AM na FM) hazimlipi mwimbaji hata zikipiga rekodi yake mwenyewe. Zinalipa upande wa utunzi tu. Hili sikuulizwa, lakini nyie vijana wa bendi mnaonisoma: andikeni mgawanyo wa utunzi hukohuko studio, kila mtu atie saini. Hiyo "tutaelewana mbele" yenu imevunja bendi nyingi kuliko wanawake na pombe.

Mbona maneno ya Mandrell na ya Ingram hayalingani? (Kigoma)

Hatimaye mtu aliyesikiliza! Kwa Ingram, mwenye mke na watoto wawili ni yeye anayeimba. Kwa Mandrell, mke na watoto ni wa yule anayeimbiwa. Mume anayejikaanga amepisha mwanamke wa nje, na lawama zimehama naye. Njia hiyo alikuwa ameshaipita mwimbaji wa soul Millie Jackson mwaka 1974, kwenye albamu ya *Caught Up*, tena bila haya: anaacha kuimba, anaanza kupiga soga kuhusu faida za kuwa na mume wa mtu, mojawapo ikiwa kwamba humfulii nguo zake za ndani. Mandrell hakuthubutu kufika huko.

Mimi na mchumba tumeuchagua uwe wimbo wetu wa kufungulia muziki harusini. Ushauri? (Dodoma)

Someni jibu lililotangulia.

"I Will Always Love You" aliutunga Whitney? (wengi, na hamchoki)

Dolly Parton. 1974. Kantri. Msirudi tena.

Huu si wizi, kantri kuwaibia weusi? (Kampala)

Wizi ni neno la haraka mno hapa. Rekodi ya Ingram ilipigwa Muscle Shoals, Alabama, na wapigaji Wazungu. Mandrell naye alianza mapema kuchota soul: mwaka 1971 alirekodi "Do Right Woman, Do Right Man", ambao Aretha Franklin aliutoa mwaka 1967. Muziki ulikuwa jirani siku zote. Ukuta ulikuwa kwenye redio, zilizotenga nyimbo za Weusi na za Wazungu. Na msinitajie Charley Pride, Mweusi aliyekuwa nyota wa kantri. Mtu mmoja kupenya hakufanyi mlango kuwa wazi.

Nipate wapi ule wa asili? (Zanzibar)

Popote mtandaoni, lakini usibofye cha kwanza. Waimbaji wengi wa soul walirudia nyimbo zao uzeeni kwa ajili ya makusanyo ya bei poa, na kinanda cha plastiki utakitambua mara moja. Tafuta palipoandikwa Koko, 1972.