Hesabu za reli ya Baltimore and Ohio: uchakavu umejificha wapi?

Swali: Naandika tasnifu ya uhasibu kuhusu Baltimore and Ohio, kampuni ya reli ya Marekani iliyosajiliwa 1827. Katika taarifa zake za mwaka za miaka ya 1840 mapato yanazidi matumizi, lakini sioni popote uchakavu, yaani gharama ya kupungua thamani kwa kutumika, wa reli wala injini. Je, nikate asilimia fulani mwenyewe ili nipate faida halisi?

Jibu: Usikate, ndugu yangu. Ukipachika asilimia yako kwenye hesabu za 1845, utakuwa umetoza gharama ileile mara mbili. Kampuni za reli za wakati ule ziliacha mali vitabuni kwa bei ya kununulia, na kilichochakaa kikibadilishwa, gharama iliingia kwenye matumizi ya mwaka huo. Kwa hiyo uchakavu umo, ila utafute kwenye matengenezo ya njia na matengenezo ya injini na mabehewa.

Taabu huanza pale kitu kinapobadilishwa kwa kilicho bora zaidi. Chukua kipande cha kwanza, Baltimore hadi Ellicott's Mills, maili 13, kilichofunguliwa Mei 1830 mabehewa yakivutwa na farasi. Reli zake hazikuwa chuma kitupu. Zilikuwa mbao zilizopigiliwa ukanda mwembamba wa chuma juu, na kwingine ukanda huo ulifungwa kwenye mawe ya matale. Mbao zikaoza, baridi kali ikayasogeza mawe, na injini za mvuke zilivyozidi uzito ukanda ukashindwa. Zikaja reli nzima za chuma. Sasa hayo ni matengenezo au ni mali mpya? Mwenye nyumba ya makuti akiezeka bati, thamani ya makuti yaliyooza ni matengenezo, ile ziada ni mtaji. Hapakuwa na kanuni ya kuilazimisha kampuni igawe hivyo. Wakurugenzi waliamua wenyewe, na faida ikapanda au kushuka kwa uamuzi wao.

Bahati yako, miaka uliyochagua inapimika vizuri. Njia ilifika mji wa Cumberland, magharibi mwa Maryland, Novemba 1842, kisha ikasimama hadi mwishoni mwa muongo, ujenzi wa kwenda Wheeling, mji wa kando ya mto Ohio, ulipoanza. Katikati hapo, ukiona akaunti ya ujenzi, ile inayohesabu gharama kuwa mali badala ya matumizi, inanenepa ilhali hakuna maili mpya, simama ujiulize ni nini kimeingizwa humo. Halafu gawanya matengenezo ya kila mwaka kwa maili za njia, uchukue wastani wa miaka kadhaa. Mwaka mmoja pekee haukuambii kitu, maana matengenezo yangeweza kuahirishwa.

Wala usidhani mchezo huu wa kupandisha faida vitabuni ulikuwa wa kampuni changa tu. Kampuni hiyohiyo iliwekwa chini ya wasimamizi wa mahakama Februari 1896, na mwaka huohuo mhasibu Stephen Little, aliyepewa kazi ya kuchunguza vitabu, alikuta mapato halisi ya kuanzia 1888 hadi 1895 yametiwa chumvi. Serikali kuu ilikuja kupata meno ya kulazimisha mfumo mmoja wa hesabu kwa sheria ya 1906.

Mambo mawili yatakupotosha usipoyaangalia. Mwaka wao wa fedha uliisha Septemba 30, kwa hiyo "1845" yao ilianza Oktoba 1844. Na tawi la Washington, lililofunguliwa 1835, lina hesabu zake peke yake, kwa sababu jimbo la Maryland lilichukua sehemu ya tano ya nauli za abiria kwenye tawi hilo. Usichanganye na njia kuu.

Soma pia kanuni za utawala za 1847, za enzi ya rais wa kampuni Louis McLane na mhandisi Benjamin Latrobe. Zilitenganisha uendeshaji wa njia na ukusanyaji wa fedha, na binafsi naona namba za baada ya hapo zinalinganishika kwa urahisi zaidi. Taarifa za mwaka utazipata mtandaoni kwenye maktaba ya kidijitali ya HathiTrust. Karatasi zenyewe tafuta Maryland Center for History and Culture, na maktaba ya makumbusho ya kampuni, zote Baltimore. Usitegemee mfululizo kamili wa leja: makao makuu yaliteketea katika moto mkubwa wa Februari 1904.