Jibu: Fimbo ya mlingoti wa mkonge inapasuka

Salaam ndugu. Kwa hiyo fimbo ya mlingoti wa mkonge (lile shina refu la maua linalochomoza katikati ya mkonge) uliyomkatia babu imepasuka nchani kabla hajaitumia. Angalia kwanza ulikoianika. Jua la kiangazi hapa Dodoma hukausha ganda haraka huku moyo ungali mbichi, ndipo ufa unapotokea. Mimi huukata mlingoti mrefu kuliko fimbo yenyewe, naziba ncha zote mbili kwa nta, nausimamisha kivulini hadi uwe mwepesi kabisa, kisha napunguza ncha. Ndani ni laini kama sifongo, hivyo chini vika kipande cha bomba la chuma na mpira wa tairi, la sivyo changarawe zitaila. Mmea wenyewe usiudharau: kisiwani Jersey, karibu na Ufaransa, watu hutengeneza bakora hata kwa mashina ya kabichi ndefu, hukaushwa na kupakwa vanishi. Ila hiyo ya sasa, ufa ukishafika ndani, mzee asiiegemee.