Kamera ya nyota siyo kamera ya sayari

Vijana wanaotaka kuanza kupiga picha za anga huniuliza swali moja: "Kaka, ninunue kamera gani?" Nami huwarudishia swali: unataka kupiga nini? Wengine hudhani nawakwepa. Siwakwepi. Sayari ya Zohali na Njia Nyeupe, ule ukanda hafifu wa nyota unaokatiza anga, unaweza kuziona usiku mmoja, lakini kamera inayofaa kwa moja mara nyingi haifai kwa nyingine, na hela za wanaoanza hupotelea hapohapo.

Zangu zilipotelea hapo. Nilinunua Canon 600D ya mtumba pamoja na lenzi ya milimita 75 hadi 300, nikiamini milimita 300 zitanionyesha pete za Zohali. Usiku wa kwanza nikapanda darini, nikapiga, nikaikuza picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera mpaka mwisho. Nikaona kipunje cha manjano kilichorefuka kidogo, kama mbegu ya ufuta. Baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: kwa lenzi ile, Zohali pamoja na pete zake huchukua pikseli (vijinukta vinavyounda picha) 14 hivi, katika picha yenye upana wa pikseli 5,184. Kamera haikuwa mbovu. Sayari ni ndogo mno angani, na kinachoikuza ni darubini yenye urefu mkubwa wa fokasi, yaani milimita nyingi kuliko za lenzi yangu. Wingi wa megapikseli hauisaidii kitu.

Kwa upande wa sayari, elewa kwanza kwamba mwanga si tatizo. Mshtarii inang'aa ya kutosha. Tatizo ni hewa. Itazame kwenye darubini utaiona inachezacheza kama sarafu iliyozama kwenye maji yanayotembea. Ndiyo maana wapiga sayari hawategemei picha moja. Wanarekodi video yenye maelfu ya fremu (picha mojamoja zinazounda video), kisha programu ya bure kama AutoStakkert inachambua zile ambazo hewa ilitulia kidogo, inazilaza moja juu ya nyingine na kutoa picha moja safi. Kwa kazi hiyo unahitaji kamera yenye kasi, fremu 100 au zaidi kwa sekunde, na kihisi kidogo kinatosha. (Kihisi ni kile kisahani kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi, mafundi wengi hukiita sensa.) ZWO ASI224MC ina megapikseli 1.2 tu, na watu wameitumia kupata mikanda ya Mshtarii na lile Doa Jekundu kwenye uso wake. Haina kioo cha kutazamia picha wala betri. Unaichomeka kwenye darubini mahali pa lenzi ya jicho, waya wa USB unaingia kwenye kompyuta. Kwa hiyo weka kompyuta kwenye bajeti yako, wengi huisahau. Na usirekodi muda mrefu: Mshtarii hujizungusha mara moja kwa muda usiofika saa 10, hivyo baada ya dakika tatu hivi alama zake zinaanza kufutika kwenye video.

Kama una darubini lakini hela ya kamera hiyo haipo, tafuta Canon 60D au 550D ya mtumba. Kwenye menyu ya video kuna ukubwa wa 640 kwa 480 unaochukua pikseli za katikati ya kihisi tu, fremu 60 kwa sekunde. Siyo kasi ya kamera ya sayari, lakini pete za Zohali utazipata, na mchana utapiga harusi kwa kamera hiyohiyo.

Sisi wa huku tuna bahati ambayo sipendi ipotee bure. Ulaya kuna miaka sayari hupita chini karibu na upeo wa macho, mwanga wake ukipenya hewa nene. Ukiwa Dar es Salaam, sayari inapofika kileleni mwa safari yake ya usiku huwa juu sana, karibu nyuzi 60 au zaidi. Adui wetu ni bati. Paa la jirani linakusanya jua kutwa nzima na kulitoa kama joto mpaka usiku wa manane. Nilihangaika wiki mbili na Mshtarii iliyokuwa inachemka juu ya paa la jirani, nikashuku kamera, nikashuku darubini. Siku niliyoamka saa nane usiku nikasogeza vifaa kwenye majani, mikanda ikaonekana bila hata kurekodi. Nilibaki nimeinamia pale mpaka shingo ikauma.

Nyota na Njia Nyeupe zinataka kinyume cha hayo yote. Mwanga wake ni hafifu, hivyo unataka kihisi kikubwa, lenzi pana yenye tundu kubwa, na kuacha kamera wazi kwa sekunde nyingi. Hapo hata ile 600D yangu iling'ara. Lakini dunia inazunguka, nyota zitageuka vistari. Kanuni ya kuanzia: gawa 500 kwa milimita za lenzi, na kwa kamera za Canon kama hiyo 600D, ambazo kihisi chake ni kikubwa kuliko cha kamera ya sayari lakini si kikubwa kabisa, zidisha kwanza milimita kwa 1.6. Lenzi ya milimita 18 itakupa sekunde 17. Hifadhi picha kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana. Zima fokasi ya kujiendesha, chagua nyota angavu, ikuze mara 10 kwenye kioo cha nyuma, zungusha pete ya lenzi taratibu mpaka nyota iwe nukta ndogo kabisa, kisha bandika utepe wa gundi ili pete isisogee. Nenda Juni au Julai, mvua za masika zikiwa zimeisha na mwezi haupo, mbali na taa za mji. Kundi la nyota la Nge na kitovu cha Njia Nyeupe vitakuwa karibu na utosi.

Joto letu nalo lina gharama. Kihisi kikipata moto hutengeneza chembechembe za uongo, na kelele hizo huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda nyuzi 6. Kamera za bei kubwa zina kipozeo ndani. Wewe funika lenzi, piga picha kadhaa za giza kwa sekunde zilezile, programu ya kuhariri picha za nyota itazitumia kuondoa uchafu huo.

Kuhusu kichwa cha mota kinachozungusha kamera kufuata nyota ili zisigeuke vistari, nakuomba usikimbilie. Wenzetu wa kaskazini wanakielekeza kwenye Nyota ya Kaskazini na kazi imekwisha. Dar es Salaam nyota hiyo haionekani kabisa, na ncha ya kusini ya anga, ile nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, ndani ya ukungu na minazi, bila nyota angavu ya kukuongoza. Utajifunza, lakini siyo mwezi wa kwanza. Hela hiyo weka kwenye stendi nzito isiyotikiswa na upepo wa pwani.

Siku ya kununua kamera ya mtumba, nenda na tochi. Mulika ndani ya lenzi kwa pembeni: ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, unyevu wa pwani umeshaila. Kisha funika lenzi, weka ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga) 1600, piga sekunde 30, ikuze picha na uipitie kona kwa kona mbele ya muuzaji. Nukta chache nyekundu na za buluu ni kawaida, picha za giza zitazifuta. Ukikuta mstari mzima uliokufa kutoka juu hadi chini, mrudishie kamera yake.