Jibu: Insha ya kuomba chuo imekwama aya ya mwisho

Habari ndugu. Unasema insha yako ya kuomba chuo Marekani inakwenda vizuri, ila ukifika mwisho unarudia yale yale ya mwanzo. Kwanza, funika aya ya mwisho usome bila hiyo. Mara nyingi insha ilishaisha hapo juu, hiyo aya ni ya kufuta tu. Common App (fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi vya Marekani) inakupa hadi maneno 650, usiyapoteze kwa "kwa kumalizia", ahadi za kubadilisha dunia, wala kukisifia chuo (insha hiyo hiyo inakwenda vyuo vingi!). Kama umeandika juu ya kutengeneza redio, ishia kwenye ile inayokoroma bado na unachopanga kuifanyia. Ukikwama tena, weka hapa sentensi zako mbili za mwisho tuzione.